Tarehe Isigeuzwe Pingu

Mwalimu akimwambia mwanafunzi wake alete insha kufikia tarehe 27, naye mwanafunzi akaileta tarehe 26, je, mwalimu huyo ana haki ya kuikataa kwa hoja kwamba kanuni za shule zilitaka iletwe tarehe 24? Nimewauliza swali hili walimu wenzangu majilisini, na sijampata hata mmoja aliyesita. Wote walicheka. Mmoja alisema kwamba mwalimu wa namna hiyo ndiye angefaa kuitwa ofisini kwa mwalimu mkuu akajieleze.

Hata hivyo, ndugu msomaji, jambo hilo limewahi kutokea, tena mbele ya majaji. Aliyekataliwa alikuwa mfungwa, na alichokileta mapema kilikuwa notisi ya rufaa.

Keith Bowles alikuwa gerezani katika jimbo la Ohio, nchini Marekani. Mwaka 1999 alipatikana na hatia ya mauaji, akahukumiwa kifungo cha miaka 15 hadi maisha. Alipogonga mwamba katika mahakama za jimbo lake, alipeleka ombi la habeas corpus katika mahakama ya shirikisho mnamo Septemba 2002. Ombi hilo likakataliwa mwaka uliofuata, na zile siku 30 za kukata rufaa zikapita. Akaomba afunguliwe tena mlango wa rufaa, na mnamo Februari 10, 2004, jaji akakubali. Katika amri yake jaji aliandika kwamba notisi iletwe kufikia Februari 27, yaani siku 17. Kumbe sheria ilimruhusu kutoa siku 14 pekee. Bowles aliwasilisha notisi yake Februari 26: siku moja kabla ya makataa aliyopewa, na siku mbili baada ya makataa ambayo hakuna aliyemtajia.

Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu mjini Washington. Mnamo Juni 14, 2007, majaji watano kati ya tisa waliamua kwamba rufaa ya Bowles ilikuwa imechelewa, na kwamba amri ya jaji haikuwa na uwezo wa kuongeza hata saa moja juu ya muda uliowekwa na Bunge. Jaji Clarence Thomas ndiye aliyeandika uamuzi huo. Jaji David Souter, akiungwa mkono na wenzake watatu, alipinga kwa maneno makali, akisema kwa ufupi kwamba haivumiliki mahakama kumtendea mtu hivyo.

Ili kuonyesha kwamba makataa ni makataa, Jaji Thomas alitoa mfano wa mfungwa wa Texas aliyekuwa amehukumiwa kifo. Ombi lake kwa Mahakama ya Juu lilichelewa kwa siku moja, karani akakataa kulipokea, naye mfungwa akauawa Aprili 26, 2007. Niliposoma mfano huo mara ya kwanza nilidhani umetolewa na wale majaji wanne wa upande wa pili. Nikarudi nyuma kuhakikisha. La hasha, ulitolewa kuunga mkono uamuzi!

Nayaandika haya kwa sababu vijana wengi hukutana na maneno habeas corpus vitabuni wakayakariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakayasahau. Maneno hayo ni ya Kilatini, na kiini chake ni mwili wa mtu. Jaji humwandikia yeyote anayemshikilia mwenzake: mlete hapa huyo uliye naye, na ulete pia sababu ya kumshikilia. Basi. Amri hiyo haiulizi mfungwa ni mwema au mwovu, wala haimwachilii mtu kwa huruma. Inamuuliza mwenye ufunguo swali moja: kwa nini umefunga?

Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Sijui mtu asiyekuwapo kuliko mfungwa. Hayupo mezani wala sokoni, hayupo barazani watu wanapomsema, na mara nyingi hayupo hata mahakamani karatasi zake zinapojadiliwa. Habeas corpus ilibuniwa kumrudisha huyo asiyekuwapo, ili na lake liwepo. Waingereza waliitilia nguvu kwa sheria ya mwaka 1679. Wamarekani walipoandika katiba yao mwaka 1787 waliiingiza humo, wakasema isisimamishwe isipokuwa wakati wa uasi au uvamizi, pale usalama wa umma unapolazimisha.

Hapa inafaa nieleze jambo linalowachanganya wengi. Marekani ina mahakama za aina mbili, za majimbo na za shirikisho. Wezi na wauaji wengi hushtakiwa na kufungwa na majimbo. Hapo mwanzo mahakama za shirikisho hazikuwa na mamlaka mapana ya kumuuliza mkuu wa gereza la jimbo amemfunga nani na kwa nini. Mamlaka hayo yalitolewa na Bunge mwaka 1867, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa hofu kwamba majimbo ya kusini yaliyoshindwa vitani yangewafunga watumwa waliokombolewa na maafisa wa serikali kuu kwa visingizio. Kwa maneno mengine, mlango huu ulifunguliwa kwa kuwa walioufungua hawakuwaamini wafungaji. Tukilikumbuka hilo, tutaelewa kwa nini inauma kuuona ukifungwa kwa kalenda.

Wafungwa wenyewe ndio walioulinda mlango huo, tena kwa karatasi na kalamu. Katika gereza moja la jimbo la Michigan palikuwa na kanuni kwamba ombi lolote la mfungwa lipitie kwanza kwa maafisa, nao waamue kama limeandikwa sawasawa kabla ya kupelekwa kortini. Mfungwa mmoja, Hull, alipoona ombi lake limezuiwa, alimpa baba yake karatasi zake alipokuja kumtazama. Askari wakazinyakua. Akajaribu tena, na safari hii zikafika. Mwaka 1941 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kuamua iwapo ombi limeandikwa vizuri au vibaya ni kazi ya mahakama, na askari jela hana ruhusa ya kujifanya karani wa jaji. Hull mwenyewe hakushinda kesi yake. Alichowaachia wenzake ni njia.

Mwaka 1969 zamu ilikuwa ya mfungwa wa Tennessee aliyeadhibiwa kwa kosa la kuwaandikia maombi wafungwa wenzake wasiojua kusoma. Mahakama ilisema kwamba gereza haliwezi kuupiga marufuku msaada huo ikiwa halina msaada mwingine wa kutoa. Walimu wanaonisoma watanielewa nikisema kwamba hiyo ni mojawapo ya sifa kubwa kabisa ambazo elimu ya kusoma na kuandika imewahi kupata mbele ya sheria. Mtu mmoja anayejua kusoma, ndani ya chumba cha gereza, alionekana kuwa ndiye mlango wa haki wa wengine.

Kisha ikaja kesi ya Houston, mfungwa mwingine wa Tennessee, mwaka 1988. Huyu alimkabidhi afisa wa gereza notisi yake ya rufaa siku ya 27 kati ya zile 30. Karani wa mahakama akaipiga muhuri siku ya 31. Nani mwenye kosa? Mfungwa hawezi kwenda posta, hawezi kumpigia karani simu apendapo, wala hawezi kusimama dirishani kuhakikisha muhuri umepigwa. Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba karatasi ya mfungwa huhesabiwa kuwa imefika siku anapoikabidhi kwa gereza. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana uliangalia ufunguo uko mkononi mwa nani.

Sasa linganisha Houston na Bowles. Katika kesi ya kwanza posta ilichelewa, na mfungwa hakubebeshwa kosa la posta. Katika kesi ya pili jaji alikosea kuhesabu, na mfungwa akabebeshwa kosa la jaji. Wapo wasemao kwamba upande wa Bowles ungeweza kufungua kitabu cha sheria na kuhesabu wenyewe. Huenda. Lakini tangu lini tukawafundisha watu kwamba amri ya mahakama isiaminiwe mpaka ihakikiwe? Mtu aliyeamriwa na jaji alete kitu kufikia tarehe 27, akasema moyoni kwamba jaji huyu huenda hajui sheria, tungemwita mkaidi.

Mambo yalikazwa zaidi mwaka 1996. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 19, 1995, jengo la serikali katika mji wa Oklahoma City lililipuliwa kwa bomu na watu 168 wakauawa. Nchi nzima ilikuwa na uchungu na hasira, na hasira hiyo ilikuwa na haki yake. Bunge likatunga sheria ya kupambana na ugaidi, Rais Bill Clinton akaitia sahihi Aprili 24, 1996. Ndani ya sheria hiyo mliwekwa vifungu juu ya habeas corpus vinavyomgusa kila mfungwa wa kila jimbo, hata mwizi wa duka ambaye hajawahi kuiona baruti. Kuanzia hapo mfungwa alipewa mwaka mmoja tangu hukumu yake ya jimbo iwe ya mwisho. Saa husimama wakati ombi lake halali linasubiri katika mahakama za jimbo, kisha huendelea kukimbia. Akichelewa, kwa kawaida hoja yake haisikilizwi, hata iwe nzito namna gani.

Mwaka mmoja si mfupi kwa mtu aliye huru, mwenye wakili na simu. Kwa aliye ndani ni habari nyingine. Mfungwa asiyekabiliwa na hukumu ya kifo hana haki ya kupewa wakili wa kumwandikia ombi hili. Mahakama inaweza kumpa ikiona vyema, na mara nyingi haioni. Anatakiwa aijue sheria ambayo wanasheria wenyewe hubishana juu yake, ahesabu siku zinazosimama na zinazokwenda, na asikosee.

Hata aliye na wakili hayuko salama. Albert Holland alihukumiwa kifo katika jimbo la Florida, naye jimbo lilimpa wakili mwaka 2001. Holland alimwandikia wakili huyo barua baada ya barua akimkumbusha juu ya makataa ya mahakama ya shirikisho. Tangu Aprili 2003 hadi Januari 2006 wakili aliwasiliana naye mara tatu tu. Mara mbili Holland aliiomba mahakama ya jimbo imwondolee wakili huyo, akakataliwa. Alipojaribu kujisemea mwenyewe aliambiwa kwamba mwenye wakili hapeleki karatasi kwa mkono wake. Mnamo Januari 18, 2006, akiwa katika maktaba ya gereza, aligundua kwamba mahakama ya jimbo ilikuwa imetoa uamuzi wiki tano zilizotangulia na hakuna aliyemwarifu. Akaketi, akaandika ombi lake mwenyewe, na siku iliyofuata akalituma. Makataa yalikuwa yamepita Desemba.

Mfungwa alijua sheria na wakili hakuijali. Mfungwa alihesabu siku na wakili hakuhesabu. Mahakama za chini zilimwambia kwamba uzembe wa wakili, hata uwe mkubwa, hauwezi kusimamisha saa. Mahakama ya Juu ilizirekebisha kwa kura saba dhidi ya mbili, Juni 14, 2010, miaka mitatu kamili baada ya Bowles. Ilisema kwamba makataa yanaweza kulegezwa mfungwa akiwa amefanya bidii na akakutana na kizuizi kisicho cha kawaida. Uamuzi mzuri, ila una mwiba ndani: uzembe wa kawaida wa wakili bado ni mzigo wa mfungwa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika mpango huu mchumaji hali kitu, na anayekula hakuchuma.

Siwezi kuwa mwadilifu nikizificha hoja za upande wa pili. Familia ya aliyeuawa nayo ina haki ya kulala usiku ikijua kwamba kesi imekwisha. Mashahidi hufa, ushahidi huoza. Aidha, maombi ya wafungwa ni maelfu kwa maelfu na mengi hayana kitu ndani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliochunguza zaidi ya maombi 2,000 ya wafungwa wasiokabiliwa na kifo, ulionyesha kwamba yaliyofaulu hayakufika hata moja kati ya kila 200. Takriban moja kati ya kila matano yalikwamishwa na muda.

Tena nitataja kesi inayowaumiza kichwa watu wa mrengo wangu. Roger Coleman wa jimbo la Virginia alikuwa amehukumiwa kifo. Mawakili wake walichelewesha notisi ya rufaa katika mahakama ya jimbo kwa siku tatu, na kwa sababu hiyo Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1991 kwamba mahakama ya shirikisho haiwezi kuzisikiliza hoja zake. Aliuawa Mei 1992 akisisitiza kwamba hana hatia. Wengi walimwamini. Mwaka 2006 chembechembe za urithi zilipimwa upya kwa vyombo vya kisasa, na matokeo yakamwelekea yeye yule.

Je, matokeo hayo yaliusafisha uamuzi wa mwaka 1991? Sioni hivyo. Majaji wale hawakujua yatakayojulikana mwaka 2006, wala hawakudai kujua. Walichokitamka ni kwamba siku tatu za mawakili zinatosha kulifunga faili. Mwalimu anayetupa karatasi ya mtihani bila kuisoma hawezi kujisifu baadaye eti mtoto alikuwa na majibu mabaya. Kisha karatasi inayofuata ndani ya pipa hilo hilo ni ya nani? Kwa kuwa hatukuisoma, hatuna la kusema.

Na hizo takwimu zinazoonyesha ufanisi mdogo, mimi nazisoma kwa namna yangu. Zinatuambia kwamba majaji wanaweza kuyatambua maombi matupu wakiyasoma. Sasa kama wanaweza, hofu ya kuyasoma yatoka wapi? Muda uwepo, sikatai. Mimi mwenyewe huweka makataa, na wanafunzi wangu watakuambia kwamba sina mchezo. Lakini makataa yatumike dhidi ya aliyelala, yasitumike dhidi ya aliyekesha. Kosa la karani, la jaji, la afisa wa posta au la wakili aliyepewa na serikali lisiandikwe katika hesabu ya mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kulizuia wala kulirekebisha. Bunge la Marekani lingeweza kulisema hilo kwa sentensi moja. Halijasema, na uamuzi wa Bowles haujatenguliwa.

Kuna msomaji ambaye tayari ananiuliza haya yote yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa kuwa chemchemi ni moja. Sisi pia tuliirithi amri hii kutoka kwa Waingereza, na tunaijua ladha yake inapopuuzwa. Mwaka 1987 Jaji Derek Schofield aliamuru polisi wamlete mahakamani Stephen Mbaraka Karanja. Ikadhihirika kwamba alikuwa amekwisha kufa mikononi mwao. Jaji akaamuru basi mwili uletwe. Haukuletwa. Kesi ikaondolewa mikononi mwake, naye akajiuzulu. Habeas corpus, lete mwili: kwa familia ile maneno hayo hayakuwa Kilatini cha vitabuni.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 25, imeiweka haki hii pamoja na haki ya kutoteswa, ya kutofanywa mtumwa na ya kusikizwa kwa usawa, zote zikiwa haki zisizopunguzwa kwa hali yoyote. Katika hili tumewapita Wamarekani, ambao katiba yao inakubali isimamishwe wakati wa uasi. Maandishi yetu ni mazuri. Ila Wamarekani nao walikuwa na maandishi mazuri, na hakuna aliyeyafuta. Yaliwekewa tu saa ukutani, ndani ya sheria iliyotungwa kwa ajili ya jambo jingine, katika mwaka wa hasira. Nasi tunazo sheria za kupambana na ugaidi, na hatujakosa miaka ya hasira. Wanafunzi wanaotaka kuwa mawakili na wabunge wajizoeze kusoma vifungu vya nyuma, vile vinavyohusu siku na saa, maana huko ndiko haki hupotelea bila kelele.

Muhula huu wanafunzi wangu wataijadili kesi ya Bowles. Nimewaandikia ubaoni tarehe tatu, 10, 24 na 27, na pembeni nikaacha nafasi ya kuijaza tarehe 26 wao wenyewe. Upande mmoja utamtetea Jaji Thomas, upande wa pili Jaji Souter, na nimewapa wale wajanja zaidi upande ulio mgumu. Mjadala ni Ijumaa saa nane. Nikiwa nimekosea kuandika saa, atakayefika kwa saa niliyoiandika ataingia.